UZI: Uganda hatuna kulungu, tuna swala. Tujue tofauti zao, asili yao na namna ya kuwalinda

#1 Mwana wa Ngabi (mwanzisha uzi)

Salaam wakubwa kwa wadogo. Uzi huu ni kwa ajili ya waongoza watalii, walimu wa sayansi na maafande walioko hifadhini. Bado wageni wanaoneshwa pongo (bushbuck, aina ya swala) pale hifadhi ya Mburo na kuambiwa ni kulungu (deer), na wanafunzi wanaandika hivyo hivyo kwenye madaftari. Kusini mwa Sahara hakuna kulungu wa asili hata mmoja. Bara zima linaye mmoja tu, yule wa misitu ya Algeria na Tunisia.

Anza na pembe. Pembe ya swala, kama ya mbuzi na ng'ombe, ina tabaka mbili: kiini cha mfupa kilichoota kwenye fuvu, na juu yake gamba la keratini, kitu kile kile cha kucha na kwato. Haina matawi, haianguki, na ikivunjika kwenye kiini haioti tena. Pembe ya kulungu ni mfupa mtupu, na huota upya kila mwaka juu ya kishina kifupi cha fuvu. Inapokua hufunikwa na ngozi laini yenye manyoya na mishipa ya damu. Kwa kulungu wakubwa huongezeka zaidi ya sentimita 1 kwa siku, na sehemu ya madini yake huchotwa kwenye mbavu za mnyama mwenyewe. Ikikomaa, damu inakatika, ngozi inakauka, na dume anaikwangua kwenye miti mpaka mfupa ubaki wazi. Msimu wa kupandana ukipita, homoni ya kiume inashuka, mfupa unaliwa na seli pale kwenye shina, na pembe inadondoka.

Kwa kulungu, wenye pembe ni madume peke yao, isipokuwa kulungu wa aktiki ambaye jike wake naye anazo. Kuna pia kulungu-maji wa China ambaye hana pembe kabisa, badala yake dume ana meno mawili ya juu yaliyochomoza nje ya midomo.

Mkiletewa mzoga usio na kichwa, fungueni tumbo mtazame ini. Kulungu hana kifuko cha nyongo. Mbuzi na ng'ombe wanacho, kila mchinjaji anajua. Mkiletewa fuvu lisilo na pembe, angalieni ukingo wa mbele wa tundu la jicho: kulungu ana vitundu viwili vya mfereji wa machozi, jamii ya ng'ombe na swala kwa kawaida ina kimoja.

Karibuni wenye elimu zaidi, hasa ya uhifadhi. Bila kujua mwili wa mnyama ulijengwa kwa maisha gani, tutamlinda kwa njia zisizomfaa.

#2 Napak Juu

Ahsante ndugu. Niingie kwenye asili.

Kulungu, swala na twiga wanatoka kwenye shina moja la wanyama wanaocheua. Kama miaka milioni 20 iliyopita, mwanzoni mwa Mayosini, volkano za Napak na Moroto huku Karamoja zilikuwa zinamwaga majivu, na ndani ya majivu hayo imehifadhika mifupa mingi ya wacheuaji wadogo. Mmoja wao ni Dorcatherium. Hakuwa na pembe, alikuwa na meno marefu ya juu. Jamaa yake yuko hai hadi leo katika misitu ya Kongo na upande wetu wa Semuliki: kinyama cha usiku chenye mistari na madoa meupe, kinachojitosa mtoni na kupiga mbizi kikifukuzwa. Ukitaka kuona mcheuaji wa kale alivyokuwa kabla ya pembe kuwapo, mtazame huyo. Naye si kulungu wala swala, msimchanganye.

Kuna mwingine anayewatatiza hata wasomi. Kisiwa cha Maboko, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kimetoa mnyama aitwaye Climacoceras aliyekuwa na pembe zenye matawi. Wengi wakiona picha yake wanasema basi kulungu walikuwepo Afrika Mashariki. Hapana. Pembe zile hazikuwa zikidondoka, na ukoo wake uko upande wa twiga. Matawi peke yake si ushahidi. Ushahidi ni alama ya kudondoka na kuota tena kwenye kishina.

Kulungu wenyewe walikulia Asia na Ulaya, kwenye misitu na majira yanayobadilika. Jamii ya swala na ng'ombe iliingia Afrika mapema, nyasi zilipopanuka ikagawana kila kona: nsya msituni, nzohe kwenye papirasi (mafunjo), kongoni na nyamera kwenye mbuga, ngurunguru kwenye mawe. Kulungu walipofika Afrika Kaskazini walikuta Sahara mbele yao na nafasi za upande wa pili zimeshajaa.

Jambo moja la kulungu lituingie sana kichwani. Wako wawili wa Asia wadogo wanaoitwa muntjac, kwa umbo wanafanana mno. Yule wa China ana kromosomu 46. Yule wa India ana 6 kwa jike na 7 kwa dume, idadi ndogo kuliko mamalia yeyote mwingine anayejulikana. Ukiwahukumu kwa ngozi utawaweka zizi moja. Na hapa kwetu, kobu (swala wa mbugani) wa hifadhi ya Murchison wamepimwa wakakutwa na nasaba mbili za upande wa mama zilizoachana mbali sana, ndani ya makundi yale yale. Hilo lina maana kubwa kwa wanaohamisha wanyama.

#3 Mama Pakwach

Ahsanteni wanangu kwa somo. Swali langu ni la kawaida. Kobu wa Murchison ni wengi, huku Kidepo wamekuwa haba. Kwa nini mamlaka isichukue ishirini thelathini, iwapeleke, wazaane huko? Na ikifanyika, mbona wengine wanakufa baada ya kufika wakiwa wazima?

#4 Dkt wa Pori

Mama, swali lako la pili ndilo linaloua wanyama wengi, nianze nalo.

Ugonjwa ni wa misuli iliyochoka kupita kiasi. Swala akikimbizwa mbio ndefu kwa hofu, misuli inajaa asidi ya laktiki, joto linapanda, nyuzi za misuli zinaanza kufa. Rangi nyekundu ya misuli inaingia kwenye damu na kuziba figo. Dalili: shingo kupinda, miguu ya nyuma kuvuta, mkojo wa rangi ya kahawa. Anaweza kufa saa ile ile, au akafika, akala, kisha akafa baada ya wiki mbili. Matibabu ni dhaifu, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuzuia:

Kamata alfajiri, jua likipanda simamisha. Njia inayofaa kwa makundi ni zizi la faneli: kuta za turubai zinazoanza pana na kuishia kwenye njia nyembamba ya kupandia lori. Wanyama wakiona ukuta usiopenyeza macho hawaurukii, lakini wavu unaopitisha mwanga wanaugonga. Mwendo wa mwisho wa kuwasukuma uwe wa dakika chache. Kundi likigoma mara ya pili, liache liende.

Aliyekamatwa mfunge macho, mlaze kifudifudi juu ya kidari, kamwe si ubavuni, kwa sababu tumbo la mcheuaji likilala ubavu linajaa gesi na kukandamiza mapafu. Kichwa kiwe juu kuliko tumbo, pua ielekee chini ili mate na cheuo vitoke. Pima joto kila dakika chache. Likivuka nyuzi 41, mwagia maji tumboni na kwenye mapaja. Likikaribia 42, mpe dawa ya kumwamsha au mwachie.

Dawa za kutuliza ni za ngazi: haloperidol kwa saa za kupakia, zuclopenthixol acetate kwa siku kama tatu, perphenazine enanthate kwa takriban wiki. Hizi zote ziko mikononi mwa daktari wa wanyama mwenye kibali tu. Madume wavikwe vipande vya mpira wa bomba kwenye ncha za pembe, na wasipakiwe pamoja na majike. Dume mmoja aliyechanganyikiwa anaweza kutoboa matumbo matatu kabla lori halijatoka geti.

Sasa la kwanza. Wanyama ishirini ni wachache, hasa kama madume wanaopanda watakuwa wawili watatu. Tazama kulungu wa China aitwaye milu. Kwao alitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, akabaki kwenye shamba la Woburn huko Uingereza, ukoo mzima ukitokana na wanyama 18 waliokusanywa hapo. China ilirudishiwa mwaka 1985. Leo wako maelfu, na hilo ni jambo jema, lakini wote ni ndugu na hakuna tena mahali pa kuchota damu nyingine. Kobu bado tunao wa kutosha, hatuna sababu ya kujibana vile. Peleka wengi, kwa awamu, kutoka makundi mbalimbali, majike wawe wengi kuliko madume. Na chukua sampuli ya sikio ya kila mnyama kabla ya kuchanganya wa Murchison na wa Queen Elizabeth, kwa sababu ile aliyoieleza Napak Juu.

#5 Mlinzi wa Ishasha

Daktari amesema vizuri, lakini kuna kitu kinachosahaulika kila mara kobu wanapohamishwa: uwanja wa kupandia.

Kobu hawapandani ovyo. Madume wanakusanyika kwenye uwanja mmoja wa nyasi fupi, kila mmoja na kiduara chake cha mita 15 hadi 30 tu, na majike ndio wanaokuja kuchagua. Jambo hili lilielezwa kwa mara ya kwanza na Helmut Buechner kutoka hifadhi ya Toro, ile tunayoiita Semliki leo, mwaka 1961. Viwanja vinadumu mahali pamoja kwa miaka mingi, madume ndio wanaobadilika.

Kinachowaleta majike ni nini? Mwaka 1992 ilichapishwa kazi iliyofanyika hapa Queen Elizabeth. Watafiti walichota udongo wa juu kutoka viduara vilivyopendwa na majike, wakaumwaga kwenye viduara visivyopendwa. Majike wakaanza kwenda huko. Ni mkojo wa majike waliotangulia uliomo kwenye udongo! Kwa hiyo kiwanja cha Kasenyi si nyasi tu, ni harufu iliyojengeka vizazi kwa vizazi. Gari linalotoka barabarani na kuzunguka katikati ya kiwanja linafukuza madume asubuhi ile, linasaga udongo ule, na mvua ikinyesha magurudumu yanaacha mifereji inayoota vichaka.

Waongoza watalii, nawaomba kwa moyo wote: simameni barabarani, zimeni injini, mgeni atumie darubini. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi ndiyo shughuli inapokuwa kali, na ndipo magari yanapojazana.

Kwa wanaohamisha: ukimwaga kobu kwenye nyasi za kiuno, watatawanyika. Tayarisha eneo la nyasi fupi kabla hawajafika, karibu na maji, wazi pande zote ili simba aonekane kwa mbali.

#6 Kijana wa Lira

Nawashukuru wazee wangu. Kuna jamaa anataka kuleta kulungu wa kigeni afuge shambani kwa ajili ya nyama na pembe. Inaruhusiwa? Ina hatari gani?

#7 Dkt wa Pori

Mwambie aache. Kulungu wana ugonjwa wa kukonda unaosababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya ndani ya ubongo. Ulionekana kwanza Colorado, Marekani, mwaka 1967. Norway waliukuta mwaka 2016. Korea Kusini waliuletewa na kulungu walionunuliwa Kanada. Hauna chanjo wala tiba, na prioni hubaki kwenye udongo miaka na miaka baada ya mnyama kufa.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inatoa haki za matumizi kwa madaraja, na ufugaji wa wanyamapori umo. Kama ana ardhi na mtaji, aombe daraja la kufuga au la ranchi, kwa swala wa hapa hapa. Na mbuzi wake wapate chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Iliingia Karamoja mwaka 2007, na swala nao huambukizwa.

#8 Mwalimu wa Kibale

Tunaposema kobu ni wengi au nsya wamepungua, tunahesabu vipi? Taarifa nyingi nazoziona ni za "tuliona makundi makubwa".

#9 Mlinzi wa Ishasha

Mwalimu, kwa mbugani tumia mistari. Chora mistari iliyonyooka kwenye ramani kwa nukta ya kuanzia iliyochaguliwa kwa kura, kisha tembea kwa dira. Kila ukiona kundi, andika: idadi, umbali kwa kipima umbali cha leza, na pembe ya dira kati ya mstari na kundi. Kutoka hapo unapata umbali wa kundi mpaka kwenye mstari, na programu inakadiria ni wangapi hukuwaona. Unahitaji makundi 60 hadi 80 kwa kila aina ili kadirio liwe na maana.

Makosa ninayoyaona kwenye fomu ni yale yale. Watu wanatembea barabarani badala ya mstari, na kobu wanapenda nyasi fupi za kando ya barabara, kwa hiyo idadi inavimba. Wanakadiria umbali kwa macho, fomu nzima imejaa 50, 100, 150. Au wanaandika mahali kundi lilipokimbilia badala ya lilipokuwa. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi kwa sababu haligunduliki mezani.

Ndege ni nzuri kwa kobu, nyati na tembo. Kwa pongo, taya (swala mdogo, oribi) na nzohe ndege haioni kitu. Msije mkasoma sifuri ya ndege mkasema wametoweka.

Msituni kwa nsya, kamera. Moja kwa kila kilomita za mraba 2, siku 30 bila kuiondoa, urefu wa sentimita 30 hadi 40 kutoka chini. Ukiifunga usawa wa kifua cha mtu kama ya tembo, nsya wa buluu wa kilo 4 au 5 anapita chini yake. Fyeka majani mita chache mbele, la sivyo kadi itajaa picha za jani linalotikisika. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua litaichoma picha asubuhi na jioni.

#10 Mwana wa Ngabi

Afande, tuelezee tanzi. Naona hilo ndilo linalomaliza swala kuliko bunduki.

#11 Mlinzi wa Ishasha

Ni kweli. Waya unatoka kwenye tairi la zamani lililochomwa au kebo ya breki ya baiskeli. Ni rahisi, haupigi kelele na hauchagui: umetegwa kwa kobu, unakata mguu wa simba. Sokwe wengi wa Budongo na Kibale wana vidole au viganja vilivyokatwa na tanzi zilizowekewa nsya na nguruwe mwitu.

Doria ya tanzi si doria ya kawaida. Watu watembee sambamba, mita 5 hadi 10 kati yao, mwendo wa polepole, macho yakiangalia usawa wa goti kwenda chini. Tafuta kwanza uzio wa matawi yaliyokatwa na kulazwa: penye uzio kuna mapengo, na penye pengo kuna waya. Tazama miche iliyopinda na gome lililochubuka kwa kufungwa. Ukipata moja usisherehekee, ziko nyingine kwenye uzio huo huo.

Waya wote utoke msituni. Ukiutupa kichakani mwenyewe ataurudia kesho. Bomoa na uzio. Andika nukta ya GPS, aina ya waya, kama ni mpya au una kutu, na hasa kilomita mlizotembea. Bila kilomita, "tumeondoa tanzi 200" haituambii kama ujangili umepanda au askari wametembea zaidi. Na msipite njia zile zile kila wiki, watega wanazijua kuliko nyie.

Ukikuta mnyama hai kwenye waya, kaa mbali, piga simu kwa daktari. Kumrukia ni kumwongezea ule ugonjwa wa misuli, na ukikata waya kwenye nguzo tu anaondoka na kitanzi mguuni kinachozama kadiri anavyovimba. Mkiwa mnangoja, mtu mmoja tu abaki kumwangalia, wengine wapotee machoni pake.

Pakwach kuna mafundi wanaosuka sanamu za tembo na twiga kwa waya wa tanzi. Waya unaokwenda huko haurudi porini.

#12 Papirasi Katonga

Mmesahau nzohe, na hali yake ni mbaya kuliko ya kobu, kwa kuwa wengi wao wako nje ya hifadhi.

Kwato zake ni ndefu na zinatanuka, anatembea juu ya matope yanayozamisha kila mnyama mwingine. Akisikia hatari anajizamisha mpaka pua. Kwenye nchi kavu kwato hizo zinamfanya mzito, mbwa wa kijiji anamkamata. Ndani ya papirasi anapita njia zile zile kama mahandaki, na mtu akizijua, waya mmoja unatosha. Kwa hiyo bwawa likikaushwa kwa mpunga, hata likibaki nusu, nzohe wanasukumwa kwenye mahandaki machache na wanaisha haraka kuliko eneo lenyewe.

Kinachofanya kazi Katonga na Mabamba ni mambo matatu. Papirasi ivunwe kwa zamu, kipande kimoja huku kingine kikiota, mashina yakatwe juu ya maji ili mzizi usioze. Mbwa wasiingie. Na ukanda wa mita 200 wa ufuo wa Ziwa Viktoria, uliowekwa na kanuni za mwaka 2000, usimamiwe kweli na si kwenye makaratasi. Serikali za mitaa zinapata asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa, lakini mabwawa ya nzohe hayana geti, hayana kiingilio. Hapo ndipo sera inapovuja, nami naliona hili kuwa dhulma kwa wanaoishi na mnyama huyu.

Ukoo wa Njobe kwa Baganda hawamli, kama wa Ngabi wasivyomla pongo. Waelimishaji watumie hilo, wazee wa ukoo wanasikilizwa kuliko bango.

#13 Mama Pakwach

Nimeelewa, wanangu. Moja la mwisho: moto. Wengine wanasema mchome nyasi, wengine wanasema moto unaua ndama.

#14 Mlinzi wa Ishasha

Wote wako sahihi, Mama, kinachotofautisha ni wakati. Jike wa kobu anamficha ndama kwenye nyasi ndefu wiki za mwanzo, na ndama akilala hakimbii hata moto ukija. Moto wa mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kama karatasi na upepo mkali, unamfikia pale alipo.

Kwa upande wa kaskazini, choma mwanzoni mwa kiangazi, Desemba, nyasi zikiwa nusu mbichi. Moto unakwenda taratibu na kuacha mabaka yasiyoungua, humo ndama wanabaki salama. Anza jioni upepo ukilala, washa upande unaokwenda kinyume na upepo, kinga iwe imeshafyekwa mita 5 au 6. Usichome kipande kinachozidi theluthi ya eneo kwa mwaka, zungusha. Pembezoni mwa kiwanja cha kupandia choma kipande kidogo kila mwaka ili nyasi zibaki fupi na mikakaya isiote. Kabla ya kuwasha, tembeza watu wanne kwenye mstari ndani ya kipande chenyewe. Wakiona majike wanaozunguka mahali pamoja bila kuondoka, ndama wamo. Sogea kipande kingine, rudi baada ya wiki mbili.